Foleni ya saa nzima, mlo wa dakika kumi: rameni ni nini hasa?

Mtu akirudi kutoka Japani akasimulia kwamba alipanga foleni saa nzima kwenye baridi ili ale rameni, swali la kwanza atakaloulizwa ni moja: “Si zile Indomie?” Akisema alilipa yeni elfu moja na ushee, yaani kama dola saba hivi, wasikilizaji hutazamana. Akiongeza kwamba chakula alikiagiza kwa mashine, akakila akiwa amezibwa ubao kulia na kushoto kama mpiga kura kwenye kituturi, na baada ya dakika kumi alikuwa ameshatoka, hapo huonekana ametapeliwa.

Hakutapeliwa. Wanaouliza nao hawana kosa, maana neno hilo limetufikia likiwa limechapishwa kwenye pakiti, na pakiti ni mjukuu tu wa bakuli. Tulifungue fundo hili taratibu, tukianza na tambi zenyewe.

Magadi, si mayai

Rameni, au ramen kama inavyoandikwa kwenye pakiti na vibao vya migahawa, ni tambi za ngano ndani ya supu ya moto, juu yake pakiwa na nyama, yai, majani ya kitunguu na vikorombwezo vingine. Kwa maelezo hayo matupu hata spageti iliyomwagiwa supu ya kuku ingestahili jina hilo. Kinachozitenga tambi za rameni na nyingine zote ni kiungo ambacho jiko la kwetu linakifahamu vizuri: magadi.

Wajapani hutumia kitu wanachokiita kansui, yaani maji au unga wenye kaboneti za sodiamu na potasiamu. Kaboneti ya sodiamu ndiyo hiyohiyo iliyojaa kwenye magadi ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi. Mama anayetia chembe ya magadi kwenye makande na fundi wa tambi wa Tokyo wanatumia dawa ya ukoo mmoja, ila kwa makusudi yanayopingana. Kwenye maharage magadi hulainisha. Kwenye unga wa ngano hukaza: ule unato wa ngano unashikamana zaidi, tambi inakuwa na mnofu unaorudisha jino, na inavumilia maji ya moto bila kugeuka uji mara moja. Pia hubadilisha rangi. Unga wa ngano una chembechembe zisizo na rangi ambazo zikikutana na magadi huwa za manjano. Kwa hiyo anayekwambia kwamba rameni ni ya manjano kwa sababu ya mayai, mara nyingi anakisia. Wapo wanaotia mayai kweli, lakini umanjano hauyahitaji. Ukitaka kujionea, chemsha spageti kwenye maji uliyotia kijiko cha bikaboneti. Zitabadilika rangi na harufu, na utamu wake utakuwa umesogea hatua moja kuelekea Mashariki.

Tambi hizi si za Kijapani kwa asili. Zilikuja na Wachina kupitia bandari kama Yokohama, Nagasaki na Hakodate, zilizofunguliwa kwa biashara ya nje mwaka 1859. Kwa miaka mingi Wajapani wenyewe waliziita soba (tambi) za Kichina. Mwaka 1910 mgahawa wa Rairaiken ulifunguliwa Asakusa, Tokyo. Mwenye nao alikuwa Mjapani, wapishi wakiwa Wachina kutoka Yokohama, na watu wengi huuhesabu kuwa ndio uliolifanya bakuli hili liwe la kila mtu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mchele ulipoadimika na ngano ya Marekani ikaingia kwa wingi, mikokoteni ya rameni ilienea mitaani. Sisi tulioifanya chapati na sambusa kuwa za kwetu hatuna haja ya kushangaa. Chakula huhamia, hubadilishwa nguo, kisha wajukuu wa waliokipokea hugombana nani anakipika ipasavyo.

Pakiti ilitoka wapi?

Pakiti ilizaliwa Osaka mwaka 1958. Momofuku Ando, mfanyabiashara mzaliwa wa Taiwan, alikuwa akitafuta tambi ambazo mtu angezila nyumbani kwa kumwagia maji ya moto tu. Alichogundua ni kwamba tambi zilizokwisha kupikwa zikitumbukizwa kwenye mafuta ya moto, maji yaliyomo hutoka kwa kasi na kuacha vitundu vidogo vidogo. Tambi inakauka na kukaa miezi bila kuoza, na siku ukiimwagia maji ya moto, maji hurudi kupitia vitundu vilevile. Kampuni yake, Nissin, iliziuza kwa jina la Chicken Ramen, na mwaka 1971 ikaja na zile za kikombe. Indomie ya Indonesia ilianza miaka ya 70, katika mkondo huohuo.

Basi Indomie na rameni ya mgahawani ni ndugu kama kahawa ya unga wa kopo na kahawa chungu ya mzee wa dele. Asili moja, kazi mbili. Ya kopo haina haja ya kudharauliwa. Imewaokoa wanafunzi wengi wa bweni. Lakini aliyekunywa ya kopo peke yake asiape kwamba anajua ladha ya kahawa.

Bakuli ni urojo

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa zaidi, na nadhani Mzanzibari yuko katika nafasi nzuri kuliko wengi kuuelewa. Urojo haupikwi kwenye sufuria moja. Kuna ule uji wa manjano wenye ukali wa embe au ndimu, halafu muuzaji anatia viazi, bajia, kachori, mishkaki, yai, chatne ya nazi, pilipili, na mwisho chipsi za muhogo. Bakuli linaundwa mbele yako kwa sekunde chache, ingawa maandalizi yalianza alfajiri.

Rameni ni hivyohivyo. Sehemu zake ni tano: supu, kikolezo, mafuta, tambi, na vya juu. Supu ni maji ya mifupa ya kuku au nguruwe, au samaki wakavu, au mwani, na kwa kawaida haina chumvi. Kikolezo, kwa Kijapani tare, ni kijiko au viwili vya kioevu kizito chenye chumvi na ladha yote, na hukaa chini ya bakuli kabla supu haijamiminwa. Mafuta yenye harufu ya kitunguu au saumu huelea juu. Tambi huingia mwisho, na vya juu hupangwa: vipande vya nyama iitwayo chashu, yai lililolazwa kwenye mchuzi wa soya, machipukizi ya mianzi, karatasi ya mwani.

Ukiishika tofauti ya supu na kikolezo, orodha ya mgahawa itaacha kukutisha. Kila kitabu cha kuongoza watalii hukuambia kuna aina nne za rameni: shio, shoyu, miso na tonkotsu. Ni kweli kwa jinsi watu wanavyosema, lakini ni kama kusema kuna aina nne za wali: wa nazi, wa mafuta, wa maharage, na basmati. Basmati ni mchele, hizo nyingine ni mapishi. Shio (chumvi), shoyu (mchuzi wa soya) na miso (soya iliyochachushwa) ni vikolezo. Tonkotsu ni supu, nayo maana yake ni mifupa ya nguruwe. Ndiyo maana unaweza kukuta bakuli moja linaitwa tonkotsu-shoyu na hakuna aliyekosea. Na usiichanganye na tonkatsu, ambayo ni nyama ya nguruwe iliyokaangwa kwa chenga za mkate. Herufi moja tu, ila utaletewa sahani badala ya bakuli.

Supu ya tonkotsu ni nyeupe kama maziwa, na wengi huamini imetiwa maziwa au krimu. Hapana. Fikiria tui la nazi. Nazi ina mafuta na maji, vitu ambavyo kwa kawaida havikai pamoja. Lakini mafuta yakivunjwa kuwa matone madogo mno na kutawanyika ndani ya maji, mwanga unadunda huku na kule, nasi tunaona weupe. Mifupa ya nguruwe huchemshwa kwa moto mkali kwa saa nyingi. Mchemko unayapasua mafuta, na ule ulimbo unaotoka kwenye mifupa na kano unayazuia yasirudi kuungana. Ni ulimbo uleule unaoifanya supu ya makongoro igande ikilala usiku. Mpishi akiweka moto mdogo, mifupa ileile inatoa supu ya kioo. Weupe hautoki kwenye kitu kilichoongezwa, unatoka kwenye moto.

Na wale wanaodai ladha yote hiyo ni ajinomoto tu, ule unga mweupe wa kopo wa kukoleza ladha? Migahawa mingi huitumia, wala hawafichi. Lakini ladha hiyo ilikuwapo kabla ya kopo. Mwaka 1908 mkemia Kikunae Ikeda aliitoa kwenye mwani wa kombu, na mwaka uliofuata ikaanza kuuzwa. Wapishi wa rameni huunganisha mwani na dagaa wakavu, wanaowaita niboshi, kwa sababu vitu viwili hivi vikikutana ladha hupanda kuliko kila kimoja peke yake. Anayepika dagaa wakavu na nyanya nyingi anatumia siri hiyohiyo bila kuipa jina.

Miji nayo ina mapishi yake. Sapporo, kwenye theluji, hupenda miso nzito yenye tabaka la mafuta juu, kifuniko kinachozuia joto lisitoroke. Fukuoka ndiko nyumbani kwa tonkotsu. Mkoa wa Yamagata una rameni ya baridi kwa ajili ya kiangazi, na jiji la Yamagata limeongoza nchi nzima miaka ya karibuni kwa fedha ambazo kaya hutumia kula rameni nje ya nyumba. Watanzania wanaokumbuka mji wa Nagai, uliotajwa pamoja na nchi yao wakati wa TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika, wa Agosti 2025 ukazua maneno mengi mtandaoni, wajue kwamba Nagai uko mkoa huohuo. Bakuli lilikuwa karibu kuliko tulivyodhani.

Kwa asiyekula nguruwe

Kwa sehemu kubwa ya wasomaji wa Kiswahili hili si jambo la pembeni. Ukweli ni kwamba bakuli la kawaida la rameni huwa na nguruwe, na kumtoa nguruwe si suala la kusema “usiniwekee nyama”. Rudi kwenye zile sehemu tano. Chashu ni nguruwe mara nyingi. Supu inaweza kuwa ya kuku, lakini mifupa ya nguruwe ikawa imechanganywa. Mafuta yanayoelea yanaweza kuwa ya nguruwe. Kikolezo chaweza kuwa na sake au mirin, vyote vikiwa na kilevi. Hata penye maandishi “bila nguruwe”, si lazima kuwa kuku amechinjwa kwa masharti ya Kiislamu.

Lakini kauli kwamba Mwislamu hawezi kula rameni Japani nayo si kweli tena. Ipo migahawa ya halali inayojulikana, kama Naritaya kule Asakusa na Honolu iliyoanzia Osaka, inayopika kwa kuku au ng’ombe. Ndani ya stesheni ya Tokyo kuna T’s TanTan, isiyotumia kitu chochote cha mnyama. Hapo la kuuliza linabaki kilevi. Supu ya kuku iliyochemshwa kwa nguvu mpaka ikawa nyeupe huitwa tori paitan, na aliyeizoea haoni kama amepungukiwa na kitu. Migahawa hufunguliwa na kufungwa, kwa hiyo thibitisha kabla ya kufunga safari.

Chumvi nayo inamhusu kila mtu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, na bakuli moja laweza kuzimaliza zote. Chumvi nyingi iko kwenye supu, ikishachanganyika na kikolezo. Kuna fununu kwamba kuacha supu ni kumtusi mpishi. Si kweli, Wajapani wengi huiacha, hasa waliokwisha kuonywa na daktari.

Kwa nini wana haraka hivyo?

Sasa twende mgahawani, maana hapa ndipo mgeni anapojiona hana adabu hata kama amelelewa vizuri. Taratibu zote za mgahawa wa rameni zinaonekana za ajabu mpaka uelewe kwamba mle ndani kuna saa mbili zinazokwenda kwa pamoja.

Saa ya kwanza ni ya tambi. Magadi huzikaza, hayazifanyi jiwe. Tambi nyembamba za Fukuoka huiva chini ya dakika moja, na zikikaa kwenye supu dakika chache zimelainika. Urojo ukiuacha upige soga, chipsi za muhogo zinalowa na raha inakwisha. Hapa ni zaidi ya hapo. Saa ya pili ni ya kodi ya pango. Migahawa mingi ina viti kumi tu kandokando ya kaunta, na bei imebanwa na imani ya muda mrefu kwamba wateja hawatavuka yeni 1,000 kwa bakuli, kitu ambacho wenye migahawa hukiita ukuta wa yeni elfu. Ngano, mifupa na gesi vimepanda, ukuta umeanza kupasuka, lakini hesabu ni ileile: mwenye viti kumi haishi kwa kuuza ghali, anaishi kwa viti kutopoa.

Ukiwa na saa hizo mbili kichwani, mengine yanajieleza. Mashine ya tiketi mlangoni ipo ili mpishi asishike pesa na usilipe ukiwa umeshiba. Unatia noti, unabonyeza picha, unapata kijikaratasi, unamkabidhi mhudumu. Beba sarafu na noti ndogo. Noti mpya zilipotoka Julai 2024, mashine nyingi za zamani zilizikataa, na baadhi ya wenye migahawa walilalamika kwamba kununua mashine mpya ni mzigo. Kuja watu wawili mkagawana bakuli moja hakupendezi, kwa sababu mmechukua viti viwili kwa bei ya kimoja. Kupiga picha moja si neno. Kupiga kumi ni kuziacha tambi zife.

Kula kwa sauti pia kumekuzwa mno. Hakuna anayekulazimisha ufyonze, na ukila kimya hujamtukana mtu. Wanafyonza kwa sababu chakula ni cha moto na hawana muda wa kukisubiri. Hewa inayoingia pamoja na tambi hupoza na kupandisha harufu puani. Tazama mtu anavyokunywa uji wa moto asubuhi, midomo imechongoka na sauti inasikika mpaka uani. Tofauti ni kwamba sisi tukiwa mbele ya wageni tunajikaza.

Mfano maarufu zaidi ni Ichiran, uliotoka Fukuoka na sasa una matawi hadi New York. Ndiko kwenye vile vituturi. Ubaoni mlangoni taa zinakuonyesha kiti kipi kiko wazi. Unapewa fomu: supu iwe nzito au nyepesi, mafuta kiasi gani, saumu, kitunguu, nyama uwekewe au hapana, kile kikolezo chao chekundu cha pilipili kiwe mara ngapi, tambi ziwe ngumu au laini. Maji unajifungulia mwenyewe kwenye bomba dogo mbele yako. Mikono inatokea chini ya pazia, inaweka bakuli, mwenye mikono anainama, pazia linashuka. Uso wake huuoni. Wengi husema hiyo ni dalili ya upweke wa Wajapani. Kampuni yenyewe hueleza kwamba inataka mlaji azame kwenye ladha bila kupotezwa na watu. Mimi naona sababu zote mbili zina ukweli, ila naongeza ya tatu: aliyekaa peke yake, asiye na wa kuzungumza naye, hula kabla tambi hazijalainika.

Fukuoka pia ndiko kwenye kaedama, yaani tambi za kuongeza. Simulizi inayopendwa ni ya eneo la Nagahama, penye soko la samaki. Wafanyakazi walikuwa na haraka kama wale wa soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, alfajiri, wakapewa tambi nyembamba zinazoiva upesi, kidogo kidogo, na anayetaka zaidi anaongezewa ndani ya supu iliyobaki. Ni kama kuita “ongeza ugali!” wakati mchuzi bado upo. Kwa hiyo usiimalize supu kabla hujajua kama umeshiba.

Kwengineko mambo ni tofauti kabisa. Ramen Jiro, iliyoanza Tokyo mwaka 1968 na iko jirani na Chuo Kikuu cha Keio, inatoa mlima wa tambi nene, kabichi, chipukizi za maharage na mafuta, na kabla ya kukabidhiwa unaulizwa kama unataka saumu. Swali linasikika kuwa la saumu, ila ndio wakati wa kutaja kila unachotaka kiongezwe, kwa maneno mafupi. Mgeni asiyejua hujibu “ndiyo” tu, na hakuna ubaya. Na upande wa pili kabisa kulikuwa na Tsuta, mgahawa mdogo wa Tokyo ambao katika mwongozo wa migahawa wa Michelin wa 2016 ulikuwa wa kwanza wa rameni kupata nyota. Foleni ilirefuka mpaka wakaanza kugawa namba asubuhi mapema, kwa amana ya yeni 1,000 unayorudishiwa ukija kula. Hiyo foleni ilihamishwa tu kutoka njiani, haikufupishwa.

Ukimaliza, inua bakuli uliweke kwenye ukingo wa juu wa kaunta, pangusa sehemu yako kwa kitambaa kama kipo, sema gochisosama, yaani ahsante kwa chakula. Usiache bahashishi; wanaweza kukufukuzia nje wakidhani umesahau pesa zako. Na usigeuke nyuma kutafuta kiti chako, kwa sababu kimeshapata mtu.